Bi Mbeyu Randu na Matuta ya Mambrui

Tarehe 30 Juni 1988 Bi Mbeyu Randu anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita katika kitalu cha miche cha Mambrui. Twamuaga kwa shingo upande, kwani kazi aliyoipenda ameiacha nusu.

Alitoka Ganze akiwa msichana, akaajiriwa kumwagilia miche. Alipokuwa msimamizi, kila mgeni alipata somo lile lile: Mto Sabaki huteremsha mchanga baharini, mawimbi huurudisha ufuoni, upepo wa kusi huupandisha, mlakasa, mmea wa ufuoni, ukitambaa juu yake na mivinje ikishika mizizi, tuta la mchanga husimama likaukinga mji. Mbuzi walioingia kwenye miche aliwafungia. Mmoja, wa chifu, alizaa akiwa kizuizini, na chifu akaja kuchukua watatu.

Mwaka 1983 mwenye hoteli mmoja alitaka tuta la mbele lishushwe ili wageni wake waione bahari. Bi Mbeyu alipinga kwa kila njia, lakini kibali kikatoka. Nyuma ya tuta hilo aliishi Bi Shekha, mjane aliyezaliwa katika nyumba ile ile. Alipouliza kama ahame, Bi Mbeyu alimtuliza kwamba mivinje iliyobaki ingeuzuia mchanga.

Tingatinga likapita. Kusi ilipovuma, mchanga ulifukia kisima, kisha jiko, hata ukuta wa nyuma ukaanguka. Siku ya kuhama Bi Mbeyu alikwenda kusaidia kubeba vyombo. Bi Shekha akamwambia, "Mwanangu, wewe ulipanda, hukung'oa."

"Lakini ni mimi niliyekwambia ukae," akajibu.

Tangu hapo alisimamisha nyua za makuti ili mchanga ujikusanye, akapanda mlakasa upya, na kusi ikiung'oa, alirudia. Leo pana tuta jipya, fupi bado, na mivinje yake haijapita kimo cha mtu. Alitumaini kumleta Bi Shekha alione. Bi Shekha alifariki mwaka jana kwa mwanawe, Malindi. Bi Mbeyu alishinda matangani hadi yalipoanuliwa, na tuta hakulitaja.

Bi Mbeyu, ahsante kwa kila mche. Ulikataa zawadi, ukatuomba tu tuta hilo lisiguswe. Kuahidi hatuwezi, maana vibali havitoki mikononi mwetu, lakini kupinga tutapinga. Twakuombea afya, na usingizi mwema hata kusi inapovuma.