Majina Yetu Katika Dosie ya Waridi

Mgeni rasmi, Mama Laetitia, mjumbe wa mfuko unaowapeleka vijana wa Afrika kusoma na kufanya utafiti nchi za mbali. Viongozi wa chuo. Wazee wetu wa Kasongo na Kabambare: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

KARIBU

Karibu kwetu, Mama. Vumbi lililo kwenye nguo zako ni la kwetu, usilionee haya. Barabara hii humsalimu mgeni kabla sisi hatujafika. Anayesoma ni Chimène, katibu wa kikundi, lakini maneno ni ya wote, na tumeyabishania mpaka sauti zikatukauka.

SISI NI NANI

Sisi ni Kikundi Tulime Tujue, wanafunzi wa kilimo wa hapa Kasongo pamoja na wakulima wa Wamaza, upande wa Kabambare. Kilichotukutanisha ni muhogo. Kule Wamaza mihogo ilianza kuozea ardhini. Juu unaona majani mabichi, mazuri kabisa, na mwenye shamba anatembea kifua mbele. Siku ya kuchimba anakuta mizizi myeusi inayonuka. Basi mwanafunzi mmoja, Waridi, binti wa duka la vitambaa hapa mjini, aliyekuwa anaijua sombe, yaani majani ya muhogo, ikiwa kwenye sahani tu, akapanda pikipiki ya Bulaimu, mbeba abiria wa hapa, akaenda kuuliza sababu.

Walimcheka. Mama Cécilia, ambaye shamba lake ndilo liliumia zaidi, alimpa jembe akamwambia: "Mutoto, muhogo hauulizwi kwa mudomo. Ulime kwanza."

Akalima. Mikono ikatoka malengelenge, akalia kidogo, akalima tena. Jioni ile Mama Cécilia alimpikia bugali, na kwetu hiyo si salamu ya kila mtu.

TULICHOKIFANYA

Kila mama alitoa pembe ya shamba lake. Upande mmoja tulipanda miti ya muhogo kama tulivyozoea, yoyote iliyo karibu. Upande wa pili tulipanda ile tu iliyokatwa kwenye shina ambalo mizizi yake tuliichimba kwanza tukaiona mizima. Bulaimu alikuwa akibeba mizizi mpaka Kasongo nyuma ya pikipiki, na mvua ikinyesha aliuvulia mzigo koti lake, yeye akaloa. Wanafunzi waliipasua, wakaichora, wakaandika. Tulikosea pia. Pembe moja ililiwa yote na mbuzi wa Mama Cécilia, na mpaka leo mama anasema mbuzi ni wa jirani.

Tulipovuna, upande wa miti iliyochaguliwa ulioza kidogo sana kuliko ule mwingine. Wamaza walikula. Hatusemi tumemaliza, kwa maana ugonjwa wenyewe bado hatuujui jina wala chanzo. Huo unataka maabara na mtu aliyefundishwa, na kwetu maabara haiko. Ndiyo maana Waridi aliomba ufadhili wenu, ule tunaouita burse.

LINALOTUUMA

Mgeni rasmi, ya kwamba matangazo ya burse hutufikia yakiwa yameshapita, ya kwamba mtihani wa lugha hufanyika miji ya mbali, na ya kwamba profesa wa kukuandikia barua ya kukusifu yuko safarini kila unapomtaka, hayo bila shaka unayasikia kila uendako. Hatutakuchosha nayo. Letu la leo ni moja.

Kwetu Wamaza, mtu akilimiwa shamba na wenzake, kabla ya kula husimama akataja kila aliyeshika jembe. Ukimsahau mmoja, umemtukana mbele ya watu. Waridi alilijifunza hilo, na akalijifunza mno. Alipojaza dosie yake, yaani makaratasi ya kuomba, penye swali la mwombaji aliandika jina lake, kisha la Mama Cécilia, la Bulaimu, la wamama wote wa mashamba na la wanafunzi wote. Mbuzi peke yake ndiye aliyeachwa.

Ofisi yenu ikajibu kwa adabu kwamba burse ni ya mtu mmoja, arekebishe kabla ya mwezi kwisha. Waridi akakataa. Bulaimu alimfuata dukani kwao akamwambia: "Toa jina yangu, miye siendi popote, niko na pikipiki." Naye akamjibu: "Hii kazi haiko yangu peke yangu. Nikiandika jina moja nitakuwa nimeiba. Muache ipite."

Tulimkasirikia, tusifiche. Tulimkasirikia na kumpenda siku hiyohiyo, na hakuna kinachochosha kama hicho. Mwezi unakwisha kesho, na konekisyo ya intaneti imekatika mji mzima tangu juma lililopita.

TUNALOLIOMBA

Waridi, sehemu hii hukuisoma jana. Tulikupa zile kurasa nyingine.

Juzi tulikwenda Wamaza kumwomba Mama Cécilia atupe neno la kukushinda. Hakufikiri sana. Alisema: "Majina yanatajwa chakula ikisha kuiva. Huyu mutoto anataja wakati siye tungali tunalima. Nani alimufundisha vile?" Kisha akacheka, halafu hakucheka tena. Akasema: "Mumuambie aende."

Mgeni rasmi, fomu yenu inauliza nani anaomba kwenda kusoma. Haikuuliza nani alishika jembe. Waridi alisoma swali moja akajibu jingine. Kwa hiyo sisi, ambao majina yetu yamo, tunayatoa wenyewe, kwa hiari, mbele ya mashahidi hawa. Hakuibiwa mtu hapa. Tumeiandika upya ile karatasi, na penye mwombaji pana jina moja. Tunakuomba uipokee kwa mkono wako leo, maana njia nyingine haiko. Na ukirudi kwa wakubwa wako, waambie kwamba ziko kazi za watu wengi ambazo fomu yao haina pa kuziweka. Hilo wanaweza kulifikiria taratibu. La Waridi haliwezi kungoja.

Wewe, Waridi, nenda. Kasome huo ugonjwa mpaka uujue kwa jina, urudi na dawa yake. Siku hiyo chakula kitakuwa kimeiva. Utasimama Wamaza ututaje mmoja mmoja, na usimsahau hata mmoja. Mama Cécilia ni mzee, na wengine wetu hatujui kesho. Asiyekuwepo mtaje vilevile, ataitikiwa na watoto wake.

Mama Laetitia, Mungu akufikishe salama kwako, aibariki kazi ya mikono yako, na akupe kila siku mtu wa kukutaja mahali ambapo hupo.

Ni sisi, Kikundi Tulime Tujue, Kasongo na Wamaza.

Karatasi iko mezani, mbele ya mgeni. Imebaki sahihi tu. Waridi, simama, uje.