Mlinzi Anayetetemeka Chini ya Benchi

Benchi la mbele ya karakana ya kuchomelea vyuma lina miguu mitatu ya chuma na mmoja wa matofali, na fundi aliyelitengeneza hukaa upande wa matofali, kwa aibu. Siku hiyo alikuwa na aibu nyingine. Alikuwa ameutambia mtaa mzima kwamba analeta mbwa wa kulinda vyuma vyake, na mlinzi mwenyewe, wa miezi miwili na nusu, alikuwa amejibanza chini ya benchi akitetemeka. Mkewe alishasema: kama mpaka Jumamosi hajazoea makelele ya karakana, anarudishwa kwa shemeji alikotoka. Fundi alijifanya hajali. Ukweli ni kwamba alishampenda, na hiyo Jumamosi ilikuwa inamnyima raha.

Pembeni yake walikuwa wawili wa kila siku: kinyozi wa jirani, ambaye sauti yake ilimpatia jina la Kipaza, na mzee muuza miwani, anayeitwa Daktari ingawa hajawahi kutibu hata kuku. Kahawa ilikuwa ya moto, na ushauri ulikuwa wa bure.

— Jana nimempigia bati kwa nyundo mara ishirini, alisema Fundi. Karibu na sikio kabisa, ili azoee.

— Akazoea?

— Akanikojolea kiatu.

— Umembembeleza mno, alinguruma Kipaza. Lete kwangu saluni. Namfungia na redio, sauti mpaka mwisho, siku mbili. Akitoka humo, mashine yako ya kukatia vyuma ataisinzilia.

— Na chakula?

— Hayo mambo madogo.

Daktari akaweka kikombe chini taratibu, kama hakimu.

— Tatizo siyo masikio. Mbwa anaogopa kwa macho. Anaona cheche, anadhani dunia inaungua. Nitamuazima miwani nyeusi.

— Mzee wangu, itakaa wapi? Pua yenyewe bado kidonge.

— Tutafunga kamba. Halafu wewe, Fundi, uingie karakana kwa miguu minne, ukibweka. Akuone kama baba yake. Baba haogopi, mtoto haogopi.

Fundi akakuna kichwa. Hakutaka kusema, lakini akasema.

— Hilo nimelijaribu juzi. Mteja akanikuta sakafuni. Geti lake amekwenda kutengenezesha kwingine.

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Hapo akasimama mbele yao dada mmoja mwenye mkoba begani.

— Shikamoo mzee. Kaka zangu, habari za kazi? Nimefuata dirisha langu.

— Marahaba, aliitikia Daktari.

— Utuvumilie, dada, alisema Fundi. Umeme umekatika tangu asubuhi. Hakuna mashine iliyowashwa.

— Poleni. Akainama, akachungulia chini ya benchi. Sasa huyu mtoto anatetemekea nini?

Daktari akatazama ndani ya kikombe chake kitupu. Fundi akawaza nyundo, akawaza kubweka kwake, akajionea huruma na aibu kwa pamoja.

Kimya kilipokolea, mbwa akatoka polepole, akaja kulaza kidevu juu ya mguu wa Fundi.

— KUMBE NI SISI, alisema Kipaza.

Mbwa akarudi chini mbio.

— Ndugu yangu, alinong'ona Fundi, nakuomba unong'one. Mpaka Jumamosi tu.

— Sawa, alinong'ona Kipaza, na mtu wa ng'ambo ya barabara akageuka kuuliza nani anamwita.