Wakili wa Shore: Bwana Gwalugano Anaaga Itaka

Sasa hivi mwanangu Pendo amepanda kiti dirishani kumjibu ndege shore kwa mluzi. Mate yanatoka, mluzi hautoki. Aliyemfundisha ni Bwana Gwalugano Mbonile, bwana shamba wetu wa Itaka, anayestaafu tarehe 30 Juni 2014 baada ya miaka ishirini na tisa kazini.

Alitoka kwao Ibaba mwaka 1985, kijana na baiskeli yake. Pikipiki alipewa mvi zimeshaanza. Akikuta ugali mezani anakula kwanza, mafunzo baadaye.

Mwaka 2009 buni zilituozea mtini. Sisi wa kikundi cha kahawa tulishamkamata mwizi: shore. Kutwa tunapiga madebe, ndege wanaruka, buni zinazidi kuwa nyeusi. Mama mkwe wangu, Mama Ketrina, akashika shoka. Kahawa itoke, yapandwe mahindi ya kuuza Tunduma.

Bwana Gwalugano akafika, akakata matawi mawili, moja lenye buni zilizodonolewa, jingine lenye buni nyeusi, akayaweka mbele yetu. Shore, alisema, hufuata buni nyekundu iliyoiva, anadonoa huku anaimba, shamba zima linajua yupo. Lakini kinachoozesha buni ni chule buni, ugonjwa wa ukungu. Unaingia kwenye buni ya kijani, hauna bawa wala wimbo, unabebwa na matone ya mvua.

"Huyu anapiga hodi," akasema. "Yule mnamkuta yuko ndani."

"Kumbe umekuja kuwa wakili wa ndege!" Mama Ketrina akamcheka. "Amekulipa nini?"

"Ananiimbia, mama. Nipe msimu mmoja tu. Nikishindwa, shoka nitalishika mimi."

Basi madebe tukayaweka chini. Tukapogoa, tukaokota buni zilizooza tukazichoma, tukapuliza dawa ya shaba. Yeye alikuwa mbele. Shati lililotoka nyumbani jeupe lilirudi la bluu, mkewe akanuna. Msimu uliofuata Mama Ketrina alivuna mpaka akaazima magunia kwa jirani. Shore nao walichukua chao, hakuna aliyewagombeza.

Sherehe ya leo ilipangwa ofisini. Mama Ketrina amekataa katakata. Viti viko katikati ya kahawa yake.

Bwana shamba, asante. Mungu akupe uzee mwepesi, magoti yasiyouma, wajukuu wanaoitika wakiitwa, na huko Ibaba ulale mpaka jua liku... Abee mama! Naitwa. Bwana Gwalugano ameshaingia, mama mkwe kamshika mkono anamwonyesha shina moja moja, analia na kucheka, na wanataka nije niwasomee haya.