Ndoo ya Mtu ni Mtu

Kaeni chini, wanangu, na hizo simu zilazeni kifudifudi, maana sitasema mara mbili. Pumzi niliyobaki nayo ni kama maji ya chini ya mtungi, ukiyachota kwa haraka unapata tope. Sheikh Twaha, wewe na jirani yetu Abubakary sogeeni hapa mbele. Nimewaita muwe mashahidi, kahawa mtakunywa nikishamaliza. Anfal, mjukuu wangu, kalamu unayo? Andika kama ninavyosema, usinipambe. Mimi shule yangu iliishia juzuu ya amma na kuhesabu vitumbua, lakini neno langu likipindishwa nalijua.

Na wewe Severa, mama Robert, usinisimamie mlangoni kama mpangishaji. Ingia. Najua miguu ina vumbi, ingia nalo. La leo linakuhusu wewe kuliko hawa niliowazaa.

Naanza na mali, kwa sababu ndiyo iliyowaleta mbio. Nyumba hii ya Gerezani, vyumba sita na uani, baba yenu Hamood aliipata kwa kuuza spea kuukuu miaka ishirini na mbili, akaiandika kwa jina langu kabla hajatangulia, na hati imo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda hiki, msije mkabomoa dari kuitafuta. Muhiddin mafungu mawili, Nawal fungu moja. Ndivyo ilivyoandikwa na sina ubavu wa kumsahihisha Mola. Bangili na kitanda cha mvule navyo vimo humo humo kwenye mafungu. Msing'oane meno. Nimewalea kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika mwiko, sikuwalea mje mpigane mbele ya wapangaji.

Sasa wewe Muhiddin, niangalie. Ijumaa ulimleta yule fundi mwenye kofia ya plastiki, mkapima uani kwa utepe mkidhani nimelala. Sikulala, nilifumba macho. Mkamwaga chokaa kutoka ukuta wa nyuma mpaka kisimani, na nikakusikia kwa masikio yangu haya unasema, "Hapa zinatoka fremu nne za maduka, kisima tunafukia." Jenga, baba, sikukatazi. Kariakoo yote imeumuka kama andazi, ghorofa linamchungulia mwenzake jikoni, kwa nini wewe ubaki chini? Lakini kisima hufukii.

Andika, Anfal, na mashahidi wasikie. Sheria imenipa thuluthi ya mali yangu niielekeze nitakako, na thuluthi yangu ni hii: kisima, sakafu inayokizunguka, na ule mlango mdogo wa nyuma unaotokea uchochoroni, pamoja na njia ya kupita mtu na ndoo zake mbili. Nimeviweka wakfu kwa ajili ya watu wa vibanda vya nyuma ya uzio wa reli na yeyote mwenye kiu. Wakfu hauuzwi, haurithiwi, haufukiwi. Wale hawana hati, na pasipo hati bomba haliruki uzio. Maji yao ni ya mkokoteni, na mwenye mkokoteni hupandisha bei kadiri jua linavyopanda. Mwaka juzi, mgao ulipokaza wiki tatu mfululizo, nani alikuwa na maji Gerezani hii? Hata wewe na tangi lako la lita elfu tano ulikuja kwangu na dumu, ukapita mlango wa mbele kwa kuwaonea haya watu wa foleni.

Umekunja nyusi. Nyusi hizo zinauliza: mama huyu, aliyekuwa akifokea watu kisimani mpaka paka wanakimbia, huruma hii kaitoa wapi? Si huruma, mwanangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo changu kimeshavua viatu hapo mlangoni, kinasubiri nimalize.

Mnaijua sheria ya foleni yetu. Mtu anaweka ndoo yake alfajiri, anakwenda kwenye shughuli zake, na ndoo inamsimamia. Hata akiwa mwehu, hata akiwa mgeni wa jana, ndoo yake haiguswi. Ndoo ya mtu ni mtu. Sheria hiyo niliiweka mimi mwenyewe, na niliwahi kumtoa mwanamume mzima uani kwa mchi kwa sababu aliisogeza ya mwenzake.

Severa wakati huo alikuwa mgeni, katoka Kibosho na mumewe, wamepata kibanda cha mabati kule nyuma, na anawapikia mtori mafundi wa magari. Mdomo alikuwa nao. Siku moja nilimfokea kwa kumwaga maji sakafuni, naye akanijibu mbele ya foleni nzima: "Bi Badriya, kisima ni cha Mungu, chako wewe ni kamba tu!" Watu walicheka mpaka wakashika ndoo zisianguke. Na mimi, ambaye nimewachamba wanawake wa mtaa huu mmoja mmoja, niligeuka nikavuta kamba. Neno lile nikalimeza, likanikwama, nikalala nalo kama mwiba wa samaki.

Ndio mwaka ule wa kipindupindu. Nawal ulikuwa darasa la pili, huwezi kukumbuka vizuri. Kiangazi, kisima kimeshuka, maji yanatosha ndoo thelathini, yanayobaki ni matope. Asubuhi moja nimetoka kuswali, uani hakuna mtu, ndoo zimejipanga zenyewe. Ya nne ilikuwa ya bluu, mkono wake umefungwa kitambaa chekundu. Ya Severa. Niliitazama. Kisha nikaishika kwa mkono wangu huu wa kulia, huu ninaokula nao wali, nikaipeleka mwisho wa foleni, nyuma ya ndoo arobaini, nikazisogeza zilizobaki kuziba nafasi. Nikaingia ndani nikapika chai. Chai ilikuwa tamu.

Aliporudi aliikuta mwisho. Alikaa mpaka saa tano, maji yakageuka tope, nami nikafunga mlango kwa kufuli kama ilivyokuwa desturi. Akaenda kuteka kwenye shimo la mafundi, lile la kusuuzia vyuma. Alikuwa na watoto wawili, Vicky wa miaka minne na Robert wa kunyonya. Vicky alikunywa maji yale. Siku ya tatu alikuwa hayupo. Tangu hapo watu wakaacha kumwita mama Vicky, wakamwita mama Robert, na kila nikilisikia jina hilo likipita uchochoroni najua ni nani aliyelibadilisha.

Usilie, Nawal, sijamaliza. Baya zaidi ni hili: nilipeleka maji msibani. Madumu sita, juu ya mkokoteni, yamefunikwa kanga. Watu wakaniombea dua, wakasema Bi Badriya mkali wa mdomo lakini moyo wake dhahabu, nami nikaitikia amin. Wanasema mtenda husahau, mtendewa ndiye akumbukaye. Waongo. Mimi mtenda sijasahau hata asubuhi moja. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimo humo miaka yote hii, ninyi mkiniona juu nikishika kamba.

Haya, Severa. Nimekwisha sema, na mashahidi wapo. Mimi ndiye niliyeisogeza ndoo yako. Sema unalotaka kusema, nitukane, leo mchi siwezi kuuinua.

Nini? Sema kwa sauti, masikio yangu yamelegea.

Ulijua.

Mmemsikia? Anasema alijua siku ile ile, kwa sababu mtaa mzima hakuna mwingine ambaye angethubutu kugusa ndoo ya mtu. Mwanamke mjeuri huyu! Miaka yote unaniamkia shikamoo, naitika marahaba kifua mbele, kumbe unajua? Na kwa nini uliendelea kuja? Kwa nini hukunipasua kichwa kwa ndoo hiyo hiyo?

Anasema Robert naye alikuwa na kiu.

Basi. Muhiddin, nyusi zako zimepata jibu. Kwa hiyo sikiliza, na usinipe ahadi za kwenye msiba, nipe za mtu mzima. Mlango wa nyuma unafunguliwa alfajiri na kufungwa magharibi, na kufuli lisitumike mchana. Ukijenga, jenga kwa kuuzunguka. Fremu tatu zinatosha, ya nne hutaila. Mota ya kuvuta maji ikiharibika utaitengeneza wewe, na umeme ukikatika ipo kamba. Kamba hiyo namwachia Severa. Alisema ndiyo pekee iliyokuwa yangu, basi sasa ni yake, na atakayekuwa nayo ndiye mwenye neno kisimani. Ukibishana naye shauri yako, mimi nilijaribu.

Severa, nikuombe msamaha au nisikuombe? Nakuomba.

Anasema atafikiri. Sheikh, usimkonyeze, mwache afikiri. Msamaha wa haraka ni kama chai ya mgahawani, rangi tu.

Nipe maji, Anfal. Kidogo. Yatosha.

La mwisho. Nikifa mtaniosha kwa maji ya kisima hiki, si ya chupa, nisije nikasikia mtu kaleta ya chupa. Nawal utaniosha na wanawake wenzako. Severa dini haimruhusu kuniosha, lakini kuteka atateka, kama atakubali. Na ndoo zangu za josho zipange foleni kama za wengine. Ya kwanza iwekwe mwisho, nyuma ya yule aliyekuja mwisho. Najua, sheikh, maiti haicheleweshwi. Basi niwahini asubuhi. Foleni ya watu walio hai haipishi maiti. Mimi sitakuwa na kiu tena, wao wanayo.

Muhiddin, njoo nikushike kichwa. Nawal nawe. Mola awape riziki isiyo na aibu ndani yake, awape majirani wenye mdomo, awape watoto watakaowazika ninyi, msiwazike wao. Radhi yangu mnayo, wote wawili, hata wewe na utepe wako. Nimewa... ngojeni nivute pumzi. Nimewasamehe yote, na mnisamehe vile vitumbua nilivyowapiga navyo.

Macho mazito. Nani kanishika mkono? Mkono mgumu huu, wa kamba.

Severa. Unasema nini?

Utaisogeza mbele? Ndoo yangu?

Usithubutu. Ndoo ya mtu... sheria yangu mwenyewe... Anfal, usiandike hilo.

Hapana. Andika.

Haya, mama Vicky. Isogeze.