Namba Tasa ya Nzai Garama

Ndugu, jamaa na majirani mlioacha shughuli zenu mkaja hapa Utange kumsindikiza kaka yangu, poleni nyote. Mimi Katana nimepewa na familia kazi ya kuwasomea alivyoishi.

Nzai Garama Munga alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, papa hapa Utange, akasoma shule ya msingi tangu 1969 hadi 1975, na hapo masomo yakakoma, kwa kuwa baba alifariki na sisi wadogo tulihitaji kula. Tarehe 1 Februari 1983 aliajiriwa katika hoteli moja ya Shanzu, akawa mhudumu wa meza kwa miaka thelathini na tano.

Alifunga ndoa na Eddah Kaviha tarehe 12 Desemba 1987, wakakaa miaka mingi bila kujaliwa mtoto, maneno yakaanza, Eddah akaitwa tasa hata na sisi wa nyumba moja, nami nilikuwa miongoni mwa waliomwendea kaka kumshauri aoe mwingine, naye akanisikiliza hadi mwisho, akanimiminia chai, akasema, "Katana, kunywa, halafu nenda ukamwamkie shemeji yako."

Mwaka 1994, akisubiri wageni washuke kula, aliona 148 kwenye ufunguo wa chumba, akakumbuka kuwa ni thelathini na saba mara nne, akaitoa tarakimu ya mbele akaiweka nyuma, akapata 481, ambayo ni thelathini na saba mara kumi na tatu, akarudia tena, ikatoka 814, mara ishirini na mbili, na tangu siku hiyo akawa anajaribu nyingine na nyingine zinazogawanyika kwa thelathini na saba, zote zenye tarakimu tatu, wala hakuna iliyomwangusha.

Mwaka 1999 walimchukua Valarie, binti wa marehemu dadake Eddah, wakamlea kama wa kumzaa, na mwaka 2011, siku ya wazazi shuleni kwake, Nzai akampelekea karatasi zake mwalimu wa hesabu, Bi. Salsabil, akidhani amevumbua jambo. Mwalimu alimweleza kwa upole kwamba linajulikana siku nyingi, na kwamba siri yake ni kuwa thelathini na saba mara ishirini na saba ni 999, kisha akamwambia kuwa namba kama thelathini na saba, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, kwa Kiswahili huitwa namba tasa. Kaka akazitazama karatasi zilizojaa namba zilizozaliwa na thelathini na saba, akauliza, "Tasa, mwalimu, na hawa wote ni wake?"

Jioni alimsimulia Eddah jikoni, na Valarie anasema mamake alicheka hadi akaketi chini, kisha akalia, na neno lile halikumuuma tena.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2022, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, Eddah kando yake kila mara, hadi alipofariki Jumanne, tarehe 8 Aprili 2025, saa tatu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa Shanzu waliojitolea damu, na majirani, hasa Bi. Samah, aliyetupikia tangu Jumanne bila kuombwa.

Kaka aliniagiza jambo moja, nami nalisema mbele yenu mnishuhudie, kwamba nyumba hii na kiwanja chake ni vya Eddah, na hakuna wa ukoo atakayemsogeza. Shemeji, nisamehe. Kaka, tumekusikia, pumzika kwa amani.