Kidonge Kisicho na Jina

Kwenye benchi la kahawa pale mtaa wa Tena, mbele ya duka la Abdurahim, Odero ndiye aliyekuwa redio. Makenika huyo alibishana juu ya mpira na bei ya unga mpaka birika lipoe. Lakini Jumamosi ile ya mwaka wa themanini na tatu alikuja kimya, leso ya mkewe imemfunika uso. Wenzake wakacheka. Alipoifungua, kicheko kikakatika. Midomo ilikuwa imevimba na kupasuka, imeshika kigaga cheusi cha damu. Macho mekundu. Shingoni, madoa kama ya kuungua.

— Woi! Umemwagiwa asidi? — akaruka Phares, fundi viatu.

Odero akatikisa kichwa. Kumeza mate tu ilikuwa kama kumeza wembe.

— Asidi wapi! — akasema Haidari, mwenye birika. — Huo ni mkono wa mtu. Kuna msee anaionea gereji yako wivu.

— Wivu gani? — akapinga Phares. — Ni moshi wa viwanda, manze! Hata paka wa huko viwandani wananyonyoka manyoya!

— Mimi nasema ni busu, — akadakia Jumbe kinyozi. — Amebusu jini.

— Koma, Jumbe! — Haidari akamkemea. — Mtu anaumwa!

Odero alitamani kupiga kelele. Akaonyesha vidole viwili, akavipeleka mdomoni, akajifanya anameza.

— Anataka kahawa, — Haidari akasema, akammiminia.

Odero akakisukuma kikombe. Machozi yakamtoka.

Ndipo Batulo, mke wa Abdurahim, akatoka dukani. Akamwona, akashika kifua.

— Subhanallah! Huyu amekunywa dawa gani?

Odero akamnyooshea Phares kidole.

— Mimi? — Phares akababaika. — Alikuwa na homa, mama. Nikampa vidonge vyangu viwili vya malaria. Jumbe pia nilimpa, na akapona!

— Nilipona kweli, — Jumbe akasema kwa sauti ndogo.

— Vinaitwaje?

Phares akatoa kipande cha gazeti mfukoni, akakikunjua. Vidonge vyeupe, vya kununua sokoni, havina hata herufi moja.

— Phares, daktari atauliza. Vinaitwaje?

Phares akavigeuza upande wa pili. Abdurahim akawasha pikapu, wakampakia Odero.

Alilazwa hospitali, mwili wake ukiwa umeikataa dawa ile, mpaka ngozi ya midomo ikatoka yote na nyingine ikaota. Sauti ilirudi, ubishi pia. Jina la kile kidonge halikupatikana kamwe. Kwa kuwa hakujua aogope kipi, Odero aliviogopa vyote.