Fundi wa Lipu na Vyumba Tisa

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na mafundi mlioacha kazi mkaja, mimi ni mdogo wa kiume wa marehemu, tumbo moja, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Mwiko.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1962, katika zahanati ya misheni, mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba mchoma matofali na mama mkulima, akaanza shule ya msingi Januari 1970 na kuimaliza mwaka 1976, akiwa wa pili darasani, ila karo ya sekondari ilitunzwa kwa ajili yangu mimi, niliyekuja kuwa wa ishirini na tisa.

Mwaka 1979 aliajiriwa kubeba maji na kuchanganya saruji kwenye majengo, akajifunza kupiga lipu kwa kutazama, na kufikia mwaka 1985 alikuwa fundi kamili, kiasi kwamba wanaume waliomcheka walimwita kimyakimya aje kuwanyooshea pembe za kuta.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na dereva wa lori, wakajaliwa mabinti wawili, mkubwa mwaka 1989 na mdogo mwaka 1992, na shemeji alipofariki kwa ajali tarehe 7 Juni 1995, hata matanga hayajaanuliwa, ndugu zake walibadilisha kufuli la nyumba ambayo dada aliipiga lipu mwenyewe, ndani na nje.

Tangu hapo alipanga vyumba tisa kwa miaka kumi na tano, na kila mwenye nyumba alimuuliza mwanaume wake yuko wapi, kwa hiyo mimi nilivaa koti, nikakaa kwenye kiti nusu saa kama ndiye mwanaume mwenyewe, nikatia sahihi, nikaenda zangu, hata nikawa mpangaji wa vyumba tisa ambavyo sijalala hata katika kimoja. Husemwa kinyozi hajinyoi, lakini dada yangu hakushindwa kujinyoa, alikatazwa. Chumba cha nne alikihama kwa sababu bafu la watu kumi na wanne halikuwa na komeo na mabinti walikuwa wamekua, cha sita alikihama kwa sababu mwenye nyumba alianza kubisha hodi akijua mimi sipo, na nisiwafiche, kufikia cha saba nilikuwa nimelichoka lile koti, wala sikumuuliza yeye amechoka kiasi gani.

Mwaka 2010 alinunua kiwanja, akajenga kwa mikono yake vyumba viwili, jiko, na bafu lenye komeo la ndani, lakini katika ofisi ya ardhi karani alitaka jina la mkuu wa kaya, akamrudisha mara mbili akalete mwanaume, na mara ya tatu dada alimwambia, "Andika la mdogo wangu, nimechoka," akidhani atalibadilisha baadaye.

Alianza kuugua kifua Agosti 2021, madaktari wakasema ni vumbi la saruji la miaka mingi, na katika ugonjwa huo aliniomba mara tatu twende tukabadilishe hati, na mara tatu nilimwambia wiki ijayo. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, wodi namba mbili, akiwa ameshikwa mkono na binti yake mdogo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi hiyo, majirani waliopika na kufagia, na mafundi wenzake waliojengea kaburi hili kwa zamu tangu jana. Nawashukuru pia wazee wa ukoo, walionikalisha jana wakanionyesha hati, wakanipongeza kwamba nyumba ni yangu, na wakashauri mabinti wa marehemu wapewe mwezi mmoja wawe wameondoka. Wazee wangu, kwa heshima zote, mimi sina nyumba pale, kilichopo ni jina langu tu. Keshokutwa saa tatu asubuhi nitakuwa ofisi ya ardhi na mabinti hawa wawili, nyumba iandikwe kwa majina yao, na nimelisema mbele ya kaburi na mbele yenu wote kwa sababu najijua.

Dada yangu, nisamehe, na upumzike kwa amani.